Goti halihemi

Mnaonifuata hapa mmezoea kuja kuangalia mishono. Leo sina mshono. Shule zimefunguliwa, sare zimetoka, deni la marinda limeisha, na mimi nimejipa siku mbili za kukaa na chai yangu ya tangawizi. Nataka niwaandikie habari za kilima kimoja cha Kibosho na za moyo wangu, maana wateja wanne wameshaniuliza kwa nini siku hizi nina kimashine cha presha pale mezani, katikati ya pasi na boksi la vifungo.

Kwa wageni: mimi ni fundi cherehani, nashonea kwenye baraza ya duka moja karibu na Soko la Kati, Moshi mjini. Nina miaka 52. Nilipokuwa na 39 vidole vyangu vilianza kuchelewa kuamka. Mimi naamka saa kumi na moja, vyenyewe saa tatu. Nikishika mkasi naona kama nimeazima mikono. Vifundo vikavimba, kulia na kushoto sawasawa, utadhani mtu kavipima kwa futi, na baada ya kuzungushwa karibu mwaka mzima nikapewa jina la ugonjwa: baridi yabisi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inawageukia wenye nyumba na kuanza kupiga viungo. Wanawake tunaipata mara mbili au tatu zaidi ya wanaume. Nikaanzishiwa methotreksati, nameza Jumapili baada ya misa. (Mara moja kwa wiki, jamani. Mtu akiimeza kila siku kama panadoli inamharibia damu, na inaweza kumuua. Kama umeandikiwa, muulize mfamasia mpaka achoke.)

Ya vidole nimeshayaandika sana humu, sitayarudia. Leo nasema jambo jingine. Ugonjwa huu unakukalisha chini, na ukishakaa chini, moyo unakosa pa kulalamikia.

Hebu niwahesabie. Zamani nilikuwa nashona kwa cherehani ya kukanyaga. Kifundo cha mguu kikagoma, mwaka 2019 nikafunga mota. Nilikuwa natembea kutoka nyumbani Pasua mpaka kazini, goti likakataa, nikahamia kwenye bajaji. Kukata vitambaa nikamwachia binti ninayemfundisha. Ndoo ya maji anabeba mwanangu wa mwisho, sokoni anakwenda jirani na orodha yangu. Kila nilichokiacha kilikuwa na sababu, na sababu ilikuwa ya kweli, na kila aliyenisaidia alinisaidia kwa upendo. Ila ukivipanga vyote pamoja unakuta kwamba kufikia mwaka 2023 hakukuwa na kitu hata kimoja katika siku yangu cha kunitoa jasho. Sasa moyo ungehema saa ngapi?

Kilibaki kilima.

Mtu wa huku haelezwi Desemba. Hata ukiwa na hela ya nauli tu, utapanda nyumbani. Kwa mama yangu gari haifiki. Unashuka barabarani, unaingia kwenye njia ya miguu yenye masale pande zote mbili, unavuka mfongo, ule mfereji wa maji ya mashamba, halafu inaanza kupandisha katikati ya migomba ya watu mpaka kwenye mti mkubwa wa mringaringa, hapo unapinda kushoto, na kuna kipande cha mwisho kifupi lakini kikali, chenye mawe. Nimepita pale tangu nikiwa nabebwa mgongoni. Desemba 2022 nilipanda nikichechemea, natukana goti moyoni, lakini sikusimama.

Desemba 2023 nilisimama mara nne.

Mara ya kwanza pale mfongoni, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Mara ya pili na ya tatu katikati ya migomba. Mara ya nne nilikuwa nimeshika shina la mringaringa kama mlevi, mkoba uko chini, na ndipo nikasikia mtu anakuja nyuma yangu kwa mwendo wa kawaida kabisa, ndala zinapiga kisigino, pa, pa, pa. Alikuwa mama yangu. Ana miaka 78. Ametoka shamba la chini na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, mzigo mkubwa kuliko mimi. Akanipita. Akapanda hatua kama tano mbele, akageuka mzimamzima maana na ule mzigo huwezi kugeuza shingo.

"Unaumwa nini?"

"Magoti, mama."

Akanitazama. Mama yangu hanitazami usoni akinikagua, ananitazama kifuani, kama anavyomtazama ng'ombe.

"Magoti ya wapi hayo? Goti halihemi."

Akaendelea kupanda.

Nilikasirika, nisidanganye. Miaka kumi na kitu nimebeba huu ugonjwa halafu mtu aje aniambie ninaumwa nini. Lakini usiku ule, nimelala kwenye chumba cha zamani, nikajikuta nimeweka mto wa pili chini ya wa kwanza ili nipate usingizi, na nikakumbuka kwamba hata Pasua nimekuwa nikilalia mito miwili, tangu miezi kadhaa. Na kwamba jioni ndala zinanibana. Na kwamba kuna kitu kinanikaza hapa juu ya tumbo, chini ya titi la kushoto, mara nikibeba roba ya kitambaa, mara bila sababu.

Hicho cha kukaza nilishakipeleka hospitali mara tatu mwaka ule, kwenye kituo kimoja ambacho sitakitaja. Mara ya kwanza niliambiwa gesi. Mara ya pili vidonda vya tumbo. Mara ya tatu niliambiwa ni umri, "mama unaingia kwenye kukoma hedhi," na nikachomwa sindano ya maumivu, nikapewa vidonge vya maumivu, diklofenaki, vya mwezi mzima kwa sababu nilitaja viungo. Hakuna siku hata moja mtu alinifunga kile kitambaa cha presha. Sisemi walikuwa wabaya. Nilikuwa naingia pale nachechemea, vidole vimepinda, na kila mtu akiangalia vidole anaona tayari ameshapata jibu. Hata mimi mwenyewe nilikuwa naona hivyo hivyo. Uchovu? Baridi yabisi. Miguu kuvimba? Baridi yabisi. Kuhema? Goti.

Januari siendi popote, mnajua. Ni mwezi wa sare. Nilishona mpaka shule zikafunguliwa, nikameza diklofenaki mbili kwa siku kama njugu ili vidole vinyooke, na katikati ya Februari 2024 ndio nikapanda daladala ya KCMC, hospitali yetu ya rufaa hapa Moshi.

Daktari alikuwa binti mdogo, wa umri wa mwanangu wa kwanza. Alinifurahisha kwa kitu kimoja: alikuwa na haraka lakini hakuwa na papara. Akaanza na maswali yake.

"Mama, ukipanda ngazi unapumuaje?"

"Kwangu hakuna ngazi."

"Ukitembea umbali mrefu je?"

"Napanda bajaji."

"Kifua kinabana ukifanya kazi nzito?"

"Kazi nzito anafanya binti."

Akaweka kalamu mezani. Akacheka kidogo, si kwa dharau. Akasema, "Basi sijui chochote kuhusu moyo wako. Niambie mara ya mwisho ulipofanya kitu kigumu." Ndipo nikamweleza kilima. Nilidhani atanikatisha. Kumbe ndicho alichokuwa anakitafuta. Alitaka kujua Desemba ya 2022 nilisimama mara ngapi na Desemba ya 2023 mara ngapi, na je, niliposimama ilikuwa kwa sababu ya maumivu au kwa sababu ya pumzi, na ilichukua muda gani pumzi kurudi. Aliandika yote. Alichora hata mstari wa mteremko kwenye faili langu na kuweka alama nne. Nikawaza, kumbe ule mringaringa umeingia kwenye karatasi za serikali na kanisa.

Kisha akanivua viatu. Hili la miguu nataka mlisome polepole, hasa mnaoumwa kama mimi.

Miguu yangu ilikuwa imevimba, na mimi nikamwambia mapema, hiyo ni ya ugonjwa wangu. Akashika kifundo cha mguu, akakipapasa kwa mgongo wa mkono. Halafu akapandisha mkono mpaka kwenye muundi, pale mbele ya mguu ambapo mfupa uko karibu na ngozi na hakuna kiungo chochote, akabonyeza kwa dole gumba na kuhesabu kimya kimya. Alipoondoa, kishimo kikabaki. Kilikaa pale kama alama ya kidole kwenye unga wa maandazi. Tukakiangalia wote wawili mpaka kikajaa taratibu. Akasema uvimbe wa baridi yabisi unakaa kwenye kiungo, una joto, unauma, na asubuhi ndio mkali. Huu mwingine hauumi, hauna joto, unashuka na kuwa mkubwa jioni, na ukiubonyeza unabaki na shimo. Huo ni maji. Maji yanaweza kutoka kwenye figo, kwenye ini, kwenye dawa, au yanaweza kuwa moyo haupokei damu inavyotakiwa ndio yanarudi nyuma.

Nimeishi na miguu hiyo miezi mingapi? Na dole gumba ninalo.

Presha ilikuwa 162 kwa 98. Akapima mikono yote miwili, akaniacha nikae, akapima tena. Haikushuka.

Kisha akatoa chati. Ni ile ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019, yenye rangi kuanzia kijani mpaka nyekundu iliyoiva, na kuna ya kanda yetu ya Afrika Mashariki. Unatafuta wanawake, unatafuta umri, unaangalia kama unavuta sigara, kama una kisukari, presha yako, kolesteroli yako, na kidole kinakuangukia kwenye kiboksi chenye namba: uwezekano wa kupata mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya miaka 10. Mimi fundi napenda kitu chenye vipimo, nikainama nikaisoma yote. Nikamuuliza, hapa wanauliza wapi habari za vidole?

Hawaulizi. Kwenye ile chati baridi yabisi haipo. Akaniambia madaktari wa viungo wa Ulaya wanashauri kwamba namba inayotoka kwenye chati isiyohesabu ugonjwa huu, mgonjwa kama mimi izidishwe kwa 1.5. Waingereza wao wana kikokotoo chao ambacho swali la baridi yabisi limo ndani, pamoja na presha na sigara. Na kwamba mwenye ugonjwa huu apimwe hatari hiyo angalau kila miaka 5, hata kama anajisikia mzima, na mapema zaidi kama dawa zimebadilishwa sana. Nilikuwa na miaka 12 ya kliniki. Nimepimwa ini, nimepimwa damu, nimepimwa figo. Hiyo hakuna aliyewahi kunitajia.

Kwa nini 1.5? Alieleza hivi, nami nawapa kwa maneno yangu. Ule moto unaovimbisha vifundo haukai kwenye vifundo. Uko kwenye damu, unazunguka. Mishipa ya damu ina bitana ndani, laini, na moto ule unaichubua kidogo kidogo kila siku. Palipochubuka mafuta yanashika. Koti likianza kuharibika bitana, nje bado unaliona zuri, unaenda nalo harusini. Siku linapasuka unasema limepasuka ghafla.

Kolesteroli nilikuwa naijivunia. Majibu yalirudi iko chini, nikamwonyesha kama mtoto aliyefaulu. Akaniambia nisishangilie. Baridi yabisi ikiwa imewaka, kolesteroli inashuka kwenye damu, na bado hatari ya moyo inapanda. Ugonjwa ukitulizwa inaweza kupanda kidogo na usishtuke. Kwa hiyo kwa watu kama sisi ile karatasi ya kolesteroli isomwe siku ambayo viungo vimetulia, au isomwe pamoja na kipimo cha moto kwenye damu. Changu cha moto kilikuwa juu. Nimeipenda hiyo habari kwa uchungu wake.

Ekiji, kile kipimo cha umeme wa moyo, ni dakika tano tu. Nyaya 10, baridi ya jeli, karatasi ya pinki inatoka na vilima vyake vidogo. Ilikuwa karibu sawa. Nikashika mkoba niondoke. "Mama, kaa." Ekiji ya mtu aliyelala kitandani inaonyesha moyo uliolala kitandani. Mtu mwingine angepelekwa kwenye mashine ya kukimbia, akimbizwe huku anapimwa, moyo uonekane unavyofanya ukidaiwa. Akayaangalia magoti yangu, mimi nikayaangalia magoti yangu, hatukujadili zaidi. Akaandika eko, ile picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti.

Kwenye benchi la eko nilikaa na msichana wa miaka kama 19 na mama yake, wametoka Rombo. Tukaulizana. Mama akasema, "Huyu ana baridi yabisi ya moyo." Nikasema na mimi! Tukashikana mikono kama ndugu waliopotezana. Tulipozidi kuongea tukagundua tunaongelea vitu viwili. Yule msichana aliumwa koo akiwa mdogo, koo la kawaida la vijidudu ambalo halikutibiwa kwa antibayotiki, baada ya wiki chache viungo vikavimba kimoja baada ya kingine, vikapona vyenyewe, watu wakasahau. Ile ndio homa ya rumatiki. Inapita kwenye viungo kama mgeni wa njiani, na inakwenda kukaa kwenye milango ya moyo. Yake mlango mmoja umekakamaa, wanasubiri kwenda Dar es Salaam, pale taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete. Yangu inakaa kwenye viungo miaka yote na kwenye moyo inaingia kwa mlango wa nyuma, kwa mishipa na kwa misuli. Majina yanafanana mpaka inaudhi. Wengi wanaoniandikia kwamba "mtoto wangu ana ugonjwa kama wako" huwa nawauliza kwanza: koo liliuma? Kama liliuma, mpeleke, na usisubiri.

Eko wanakulaza ubavu wa kushoto, mkono wa kushoto unauweka juu ya kichwa. Bega langu la kushoto halijafika juu ya kichwa tangu 2016. Nikamwambia mpimaji, akakunja shuka mara nne akaniwekea chini ya kiwiko, tukakubaliana kwamba pale panatosha. Semeni, jamani. Nusu ya vipimo vinashindikana kwa sababu mgonjwa anaumia kimya akiogopa kuonekana msumbufu. Chumba kina giza, anakandamiza kile kidude katikati ya mbavu, na ghafla akafungua sauti. Nilitegemea du-du, du-du. Ikatoka kama mtu anafua shuka kwenye beseni. Shwaa, shwaa.

Jibu lilikuwa hivi. Moyo wangu unasukuma vizuri, asilimia 60, na kawaida ni kuanzia 55 hivi. Tatizo liko kwenye kulegea. Moyo una kazi mbili, kubana ili damu itoke na kulegea ili damu iingie, na watu tunahesabu ile ya kwanza tu. Wangu umeanza kuwa mgumu kulegea. Nilielewa hapohapo, sikuhitaji mchoro: lastiki ya sketi iliyokaa muda mrefu. Ukiivuta bado ina nguvu, lakini hairudi wala hainyooki kama zamani. Mtu amekaa, lastiki hiyo inamtosha. Apande kilima, damu inakuja kwa wingi, chumba hakifunguki vizuri, damu inasubiri mlangoni, na kule nyuma kwenye mapafu panajaa. Ndio kuhema. Ndio mito miwili. Namna hii ya moyo kushindwa inatupata sana wanawake, na wenye baridi yabisi zaidi, na inapita chini ya pua za watu kwa sababu ile asilimia inasomeka nzuri.

"Umekuja mapema," daktari akaniambia. Nikamwambia mwambie mama yangu.

Sasa dawa, na hapa kuna kidonda changu. Akauliza ninameza nini ambacho hakijaandikwa kwenye kadi. Nikatoa mkoba, nikaweka mezani diklofenaki. Paketi, na nyingine nusu, na vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi ya daftari. Alizihesabu. Diklofenaki inazuia chumvi na maji yasitoke, inapandisha presha, na yenyewe peke yake inaongeza hatari ya mshtuko wa moyo, hasa ukiimeza kwa dozi kubwa kila siku kama nilivyokuwa nafanya. Nilikuwa nafungua bomba na huku nashangaa sakafu inalowa. Prednisoloni nayo, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, ambayo nilikuwa najiongezea nusu kidonge nikiwa na harusi za kushona, inapandisha presha na sukari. Hiyo hakuikata siku moja, alinishusha taratibu kwa miezi, kwa sababu ukiitumia muda mrefu mwili unaacha kutengeneza homoni yake ya namna hiyo na ukiiacha ghafla unaanguka.

Diklofenaki nilizitupa chooni siku ileile, kitu ambacho mfamasia baadaye alinigombeza, eti dawa hazitupwi chooni. Methotreksati ikapandishwa kidogo. Hiyo ndiyo iliyonishangaza: kwamba dawa ya vidole ni dawa ya moyo pia, kwa sababu ukizima moto unauzima kote. Losatani ya presha, kidonge cha mkojo asubuhi, kimoja cha kolesteroli usiku. Kwa maumivu, panadoli na uvumilivu. Wiki tatu za kwanza bila diklofenaki nililia mbele ya cherehani, wateja mashahidi. Ile sketi ya njano iliyotoka pindo limepinda, mwenye nayo anisamehe, ilikuwa wiki hiyo.

Kutembea niliagizwa kama dawa. Dakika 10 jioni, kwenye tambarare, Pasua kwetu hakuna shida ya tambarare. Baadaye 15. Sasa nafika 25 siku viungo vikikubali, na siku visipokubali siendi. Lengo, alisema, ni moyo uwe na mahali pa kujisemea kila siku, usisubiri Desemba.

Desemba iliyopita nilipanda. Daftari ninalo mfukoni. Nilisimama mara moja, pale mringaringa, na sitasema ni kwa ajili ya pumzi peke yake, maana goti la kulia nalo lilikuwa na lake. Mama alikuwa ameshafika juu. Alikuwa amemwaga majani mbele ya ng'ombe na amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi za mtori, akainua macho mara moja, akaniangalia kifuani, akarudi kwenye ndizi zake. Sikuambiwa kitu. Kwa mama yangu hiyo ni cheti.

Daftari lenyewe ni lile la vipimo vya wateja. Mbele kuna majina, mabega, vifua, viuno, nyonga. Nyuma, kurasa za mwisho, niliweka zangu: tarehe, presha asubuhi, presha jioni, uzito, muundi umebonyea au haukubonyea, vituo vya kupumzika. Uzito naupima kila Jumatatu, kwa sababu ukipanda kilo mbili ndani ya siku chache bila kula zaidi, hayo ni maji, unapiga simu.

Wiki iliyopita binti ninayemfundisha alikuwa anatafuta kipimo cha sare, akafungua daftari upande wa nyuma. Nikamwona amesimama na mkasi mkononi, amekunja uso.

"Mama, huyu mteja wa 138 kwa 84, kifua 138?" Akahesabu kwa vidole. "Inchi? Huyu tunamshonea gauni au turubai?"